Siku Tuliyomfunika Bibi Uso

Bondeni kwetu barabara haifiki. Kutoka nyumbani hadi njia kuu inayokwenda Nyamiaga, kwenye kituo cha afya, ni kupanda mlima mtupu, na mvua ikishanyesha bodaboda hawashuki hata ukiwabembeleza. Mgonjwa anayeweza kukaa kwenye pikipiki anapanda mlima akishikiliwa, kisha anaitiwa pikipiki juu. Asiyeweza anabebwa kwa machela.

Machela yetu imesukwa kwa kamba juu ya miti miwili mirefu. Inakaa kwa mzee mmoja tunayemwita mkuu wa machela, kwenye uchaga wa jiko lake, ili moshi uikinge na wadudu. Kila nyumba inatoa mwanamume. Ukiitwa unaacha jembe unakwenda, na usipokwenda bila sababu unatozwa pombe ya ndizi, watu wanaketi kuinywa huku wakikusema. Nyumba yetu haijawahi kutozwa. Baba alibeba wajawazito, alibeba mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi, alimbeba mama wa mkuu wa machela mwenyewe. Bega lake la kulia limeota sugu.

Kuna kanuni moja ya machela ambayo hata mtoto anaijua. Mgonjwa anabebwa uso wazi. Mnaokutana nao njiani wanapisha na kumpa pole, na wengine wanamtania kidogo ili asikate tamaa. Maiti ndiyo inayofunikwa uso. Hapo watu wanachuchumaa kando ya njia, wananyamaza mpaka ipite.

Sisi tunaitwa wakimbizi. Bibi yangu, mama yake baba, alitoka Burundi zamani, baba akiwa bado mchanga. Baba amesoma hapa, amelima hapa, amemwoa mama ambaye wazazi wake nao walitoka huko huko. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa huku, na Kirundi vinasikilizana. Tofauti ni maneno machache na namna sauti inavyopanda na kushuka, lakini sikio la mtu wa huku halikosei. Akisikia bibi anaongea, anajua. Siku za kawaida yalikuwa ni mambo ya utani tu. Kwenye pombe walimwambia baba, "Mkimbizi, achia mrija, wengine nao wana koo," naye alicheka, akaachia. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa natafuta kazi ya kufanya ndani.

Ugonjwa wa kupumua ulipokuja, redio ilituambia tunawe mikono kwa maji yanayotiririka. Bomba la maji liko kitongoji cha juu. Sisi tunaokaa chini, ambako wazee wetu walipewa pa kulima walipofika, tunachota chemchemini. Mwenyekiti wa kitongoji aliagiza kila nyumba itundike dumu lenye kamba mlangoni. Tukalitundika. Maji ya kulijaza niliyabeba mimi kichwani, na bibi akiona limejaa alilifungua akamwagilia miche yake ya nyanya. Alisema haiwezekani maji yote hayo yasubiri mikono tu.

Shamba letu ni dogo na lina mawe, kwa hiyo mama anafanya biashara Kabanga, pale mpakani. Anapeleka dagaa na karanga, ananunua mawese. Kule lugha ya nyumbani inamsaidia, maana wanawake wanaovuka wanamwona kama dada yao. Siku hizo wenye mashamba makubwa walikaa nyumbani kwao wakisikiliza redio. Mama alikwenda Kabanga. Akaanza kukohoa, akalala siku kadhaa, akashangaa kwamba dagaa hawanuki hata akiwaweka puani. Kisha akapona, akarudi sokoni. Hatukumwambia mtu, lakini watu wana masikio.

"Ugonjwa unaingilia Kabanga," walikuwa wakisema kwenye njia ya maji, wakinisubiri nifike karibu. "Na Kabanga wanaokwenda tunawajua."

Baada ya mama, akaugua bibi.

Bibi alikuwa hajui kusalimia kwa mbali. Salamu ya kwao ni kukushika mikono yote miwili, kukuvuta kifuani, kukuuliza habari za kila mtu nyumbani hadi za ng'ombe, bila kukuachia. Nilimweleza kwamba sasa imekatazwa. Akasema, "Nimsalimie mtu nikiwa kule, kama ninafukuza mbuzi?" Watoto wa jirani walifundishwa kumkimbia. Yeye alidhani ni mchezo, akawa anawafukuza taratibu na fimbo yake huku anacheka. Mimi nilimwita arudi ndani, na nilimwita kwa Kiswahili, ili watu wa juu wasikie kwamba nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili.

Kikohozi chake hakikuwa kama cha mama. Alfajiri moja tulimkuta ameegemea fremu ya mlango, hawezi kulala chini kwa sababu akilala anakosa pumzi. Mama akachemsha majani ya mkaratusi na malimao, tukamfunika kwa blanketi ajifukize. Alitoka humo akiwa na jasho, midomo imebadilika rangi kama mtu aliyekula zambarau. Maneno yalimtoka mojamoja.

Baba akasema twende tukaombe machela. Alinichukua mimi ili nikapige hodi kwenye nyumba za wabebaji wakati yeye anaifunga kamba.

Mkuu wa machela alikuwa uani na kijana mmoja wa jirani, mbebaji pia, anayempasulia kuni.

"Hodi, mzee."

"Karibu. Lakini ishia hapo hapo kwenye mgomba."

Tukasimama penye mgomba. "Shikamoo, mzee," baba akasema, nami nikasema.

"Marahaba. Nimesikia mama yako anakohoa."

"Hapumui, mzee. Naomba machela."

Mzee akashika kidevu. Kijana akaweka shoka chini. "Si una mashemeji ng'ambo?" akamwambia baba. "Waambie waje na ya kwao. Na wabebaji waje nao, sisi tutawapigia makofi."

Baba alicheka. Alicheka kama anavyocheka kwenye pombe, na mimi nikaangalia miguu yangu. Sijui ningetaka afanye nini. Mtu anayekuja kuomba hawezi kukasirika.

"Nilimbeba mama yako, mzee," baba akasema, bado ana kile kicheko usoni.

"Ulimbeba. Nimekataa kwamba ulimbeba? Lakini mama yangu aliumwa tumbo. Tumbo halimrukii mtu."

"Sasa nifanyeje?"

Mzee alifikiri. Alikuwa si mtu mbaya, na niliona anatafuta njia. "Mfunikeni uso," akasema mwishowe. "Pumzi yake isitufikie. Mkimfunika, nitapata vijana watatu, wewe uwe wa nne. Mimi mwenyewe nitatangulia."

"Wanaofunikwa ni wafu, mzee."

"Basi mbebe mgongoni."

Baba aliniangalia, kama mimi ndiye niliyepaswa kuamua. Kisha akasema, "Sawa."

Mama alitoa kitenge chake kipya, cha kwendea kanisani. Bibi akiwa amelazwa kwenye machela, kichwa kimeinuliwa kwa mto wa majani ya migomba, mama akamwambia anamfunika kwa sababu ya mvua.

"Mvua iko wapi?" bibi akauliza.

"Itakuja, mama."

Wanaume walikuwa wamefunga vitambaa puani. Wakainua, tukaanza kupanda. Mkuu wa machela alikuwa mbele na fimbo yake, mama nyuma na kikapu cha vyombo. Mimi nilitembea ubavuni nikishika ukingo wa kitenge, kwa kuwa upepo wa mlimani ulikuwa unakiinua na kila ukikiinua wabebaji walikuwa wanageuza vichwa. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Niliifanya vizuri.

Wa kwanza kutuona walikuwa wanawake waliokuwa wanapalilia maharage. Walisimama, wakaangalia, wakaweka majembe chini, wakachuchumaa. Mwanamume aliyekuwa anashuka na baiskeli akaiegemeza kwenye kingo ya njia, akavua kofia. Hakuna aliyesema pole. Tulipita katikati ya ule ukimya na hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia wainuke. Kusema "ni mgonjwa" kungekuwa ni kueleza kwa nini amefunikwa. Baba alikuwa ameelekeza macho kwenye visigino vya mtu wa mbele yake.

Karibu na kanisa tukakutana na mama mmoja mzee, rafiki wa bibi wa jumuiya ya kanisani. Alipotambua kitenge cha mama na sura ya baba, alitupa mzigo wake wa kuni, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti.

Chini ya kitenge nikasikia bibi anauliza, kwa Kirundi, taratibu kwa sababu ya pumzi, "Nani amekufa?"

Wabebaji wakaongeza mwendo.

"Nimesema nani amekufa?"

"Hakuna, mama," baba akasema.

"Ninamsikia mtu analia. Simameni. Tuwape pole wafiwa." Akavuta pumzi. "Tutapitaje hivi hivi, kama watu ambao hawakufunzwa?"

"Tutarudi, mama. Tutakuja kuwapa pole."

Yule kijana wa kuni alikuwa mbele yangu, na niliona mabega yake yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka. Mkuu wa machela akasema, "Twendeni, twendeni." Lakini yule mama mzee alikuwa amekwisha kusogea, akaisikia sauti, akaruka nyuma.

"Anaongea!"

"Ni mzima," mama akamwambia.

"Mzima! Na kwa nini mmemfunika?"

Wabebaji waliangalia chini, baba aliangalia chini, nami nikaangalia mkono wangu uliokuwa umeshika ukingo wa kitenge. Tukaendelea kupanda.

Tulipofika kituo cha afya, mlinzi wa getini alisimama, akavua kofia naye. "Mwili unapitia nyuma," akasema kwa upole. "Fuateni ukuta."

"Ni mgonjwa," baba akasema.

"Mgonjwa gani anafunikwa namna hii?"

Baba akashusha mti begani, akakiondoa kitenge. Bibi alifumba macho kwa sababu ya jua, kisha akayafungua, akamwinulia mlinzi mkono kumsalimia. Alisema maneno ya salamu ya kwao, yote, ingawa yalimchukua muda.

Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mmetoka Burundi?" akauliza.

"Hapana," mama akasema. "Tumetoka bondeni, hapo chini." Lakini mama naye anaongea Kiswahili kama anavyokiongea, na mlinzi alishasikia.

"Wanaotoka ng'ambo wanakaa kwenye hema kwanza," akasema. "Ni utaratibu. Mganga atawafuata huko huko." Akamgeukia mkuu wa machela, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mvi na fimbo. "Mzee, hawa ni watu wenu?"

Nilimwangalia mzee. Wote tulimwangalia. Nyumba yake na yetu zinatazamana, asubuhi ninauona moshi wa jiko lake. Alipangusa paji la uso kwa kile kitambaa cha puani.

"Sisi tumembeba tu," akasema.

Baadaye nimefikiri kwamba labda aliogopa naye kuwekwa kwenye hema pamoja na vijana wake. Ningekuwa yeye pengine ningeogopa pia. Walimhamishia bibi kwenye godoro la hemani, wakachukua machela, wakanawa mikono kwenye ndoo ya getini, wakanawa sana, mpaka povu likamwagika chini. Mkuu wa machela alimpa baba pole bila kumshika mkono. Wakaondoka.

Hema lilikuwa nyuma ya wodi, juani. Ndani mlikuwa na joto la turubai na nzi. Kutoka pale niliweza kuuona mlango wa wodi, na ulipofunguliwa niliuona mtungi wa oksijeni umesimama kando ya kitanda kitupu. Watu waliokuja baada yetu waliingia. Mwanamume mmoja alishuka kwenye pikipiki akikohoa, akaulizwa maneno mawili matatu, akaingia. Bibi alikuwa ameketi, ameegemea kifua cha baba, na kila pumzi ilikuwa inamwinua mabega. Nesi alipita na trei, baba akamwita. Akasema mganga yuko na wagonjwa wa ndani, akimaliza atakuja. Akapita tena, akasema hivyo hivyo. Baba akawa haiti tena. Aliona haya kusumbua watu.

Mama ndiye aliyesimama. Alifunga kanga upya, akanishika mkono, akanipeleka hadi mlangoni pa wodi. Mimi nimemaliza darasa la saba na Kiswahili changu ni cha shule, hakina lafudhi kubwa. Ndiyo sababu alinichukua, ingawa anajua sijui kuongea mbele ya watu.

"Sista, samahani," mama akasema. "Yule bibi wa hemani anazidiwa."

Nesi alikuwa na macho mekundu juu ya barakoa. Alionekana hajaketi tangu asubuhi. "Nimeambiwa nyie mmetoka ng'ambo, mama. Wa ng'ambo anaonwa kwanza kule, ndiyo maelekezo. Siyo mimi."

Mama akaangalia sakafu. "Sisi ni Wahangaza," akasema.

Nesi akaniangalia mimi, kama mtu anayetaka kusikia sauti nyingine. "Nyie ni Wahangaza?"

"Ndiyo," nikasema.

"Haya, sasa kwa nini hamkusema mapema? Mmemkalisha mgonjwa juani bure! Mleteni ndani."

Hivyo ndivyo bibi alivyopata kitanda. Walimwekea mpira puani, wakafungua mtungi, na kabla jua halijazama midomo yake ilikuwa imerudia rangi yake. Baba alisimama dirishani nje akatazama, na mama akamweleza tulichosema. Baba akatikisa kichwa kukubali. Hakucheka.

Kuanzia hapo tulikuwa Wahangaza. Mama alikwenda nyumbani kupika, mimi nikabaki kumuuguza. Bibi alipoanza kupata nguvu alitaka kuongea, maana ndiyo afya yake. Alitaka kumsalimia mgonjwa wa kitanda cha pili, alitaka kumuuliza nesi ana watoto wangapi. Nilimwekea kidole mdomoni.

"Bibi, mganga amesema usiongee. Upumzishe mapafu."

Mganga hakusema hivyo. Lakini bibi anawaheshimu sana watu waliosoma, akatii. Nesi akija, aliinua mkono na kutabasamu. Asubuhi aliwasalimia wote wodini kwa macho, mmoja baada ya mwingine, na ikamchukua muda mrefu kama vile anavyosalimia kwa kinywa. Mwanamke wa kitanda cha pili aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yako ni bubu?"

"Hapana," nikasema. "Ni mpole."

Baba alikuwa akija dirishani jioni. Alimwuliza hali kwa Kiswahili, kwa sababu dirisha liko karibu na vitanda vya wengine. "Mama, unaendeleaje?" Bibi Kiswahili anakisikia kidogo tu. Alimtazama mwanawe kama mtu anavyomtazama afisa, akaitikia kwa kichwa. Baba akaondoka haraka. Mimi nikajifanya nakunja kitenge.

Siku ya kuruhusiwa, nesi yule yule alikuja kumtoa. Alikuwa amefurahi kweli, niliona hata juu ya barakoa. Akampigapiga bibi mgongoni.

"Bibi, wewe kiboko! Nyie Wahangaza wagumu jamani, hata wazee wenu."

Bibi akanivuta mkono wa gauni. Akanong'ona kwa Kirundi, "Anasemaje?"

Niliangalia nyuma. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa anakunywa uji. "Anasema wewe ni mgumu," nikamnong'oneza.

Uso wa bibi ukang'aa. Siku zote hizo alikuwa ameyahifadhi maneno, na sasa alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. "Mwambie huku nilikuwa nimelala tu," akaninong'oneza. "Mwambie mimi nilivuka mto Ruvubu usiku, baba yako mgongoni, maji yamefika hapa." Akaonyesha shingoni. "Nimemziba mdomo asilie. Mwambie. Mwambie kwamba ule ndio ugumu, na kwamba yeye ni mtoto mzuri, Mungu ampe watoto wenye mikono kama yake."

Nesi alikuwa anasubiri, ameinamisha kichwa kidogo, anatabasamu. Alitaka kusikia.

"Anasema asante, sista," nikasema.

"Karibu sana, bibi yangu. Usirudi huku tena!"

Tukatoka uani. Bibi alitembea mwenyewe, amenishika bega. Hakuongea mpaka tulipofika penye kivuli cha ukuta, mahali ambapo baba alikuwa anatusubiri na bodaboda. Hapo akasimama kupumua, akaniangalia sana.

"Kumbe Kiswahili ni kifupi hivyo?" akauliza.

"Ndiyo, bibi," nikasema.